Paraselingi: usiogope urefu, ogopa upepo na kamba

Watu wakija Nyali ama Bamburi, hapa Mombasa, wakaona mtu anaelea juu na parachuti nyuma ya spidiboti, wanaloniuliza kwanza ni kama kule juu haogopi. Mimi ni nahodha wa hizo boti na kamba zinazofunga parachuti na boti nazikagua mwenyewe, na nawaambia ukweli, urefu sio shida. Shida ni upepo, alafu kamba.

Upepo una hesabu yake, spidi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne, yani ukitoka noti 10 (noti ni maili ya baharini kwa saa) ukafika 20 parachuti inavuta kamba mara nne hata kama boti imesimama tuli. Na hiyo kamba kila siku inaliwa na jua, chumvi na mchanga, na penye fundo ndo dhaifu zaidi, fundo tu laweza kuipunguzia nguvu theluthi nzima au zaidi. Ndo maana ile ncha tunaikata tunafunga upya kila mara, na ilochakaa inatupwa, haiungwi!

Kamba ikikatika upepo ukiwa mdogo unashuka pole pole majini, laifu jaketi inakubeba. Upepo ukiwa mkali haushuki, parachuti inakwenda nawe itakako na usukani huna, na msimu wa kusi hapa kwetu upepo unatoka baharini kuja nchi kavu, kwa hivyo mbele yako ni minazi, mapaa ya hoteli na nyaya za stima. Hata ukiangukia majini parachuti bado imejaa upepo inakuburuta, mikanda imekaza huwezi kuifungua, na maji yakiwa yamekupwa matumbawe yako hapo hapo.

Kule Florida, Marekani, walipitisha sheria 2014, upepo ukizidi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, hakuna kuruka, na radi ikiwa ndani ya maili 7 pia hakuna. Naipenda sana ile sheria manake inamkinga nahodha dhidi ya mteja anaemlazimisha.

Kabla hujalipa uliza kipimo cha upepo kiko wapi, na hakikisha kwenye boti kuna mtu wa pili ambae kazi yake ni kukutazama wewe tu, nahodha anatazama mbele. Nenda asubuhi, alasiri upepo huzidi. Nahodha akisema leo hapana, tafadhali usiende kumtafuta mwengine atakaekubali, na ukiona bendera za hoteli zimenyooka tiii hata bei usiulize.