Injini ikiwa bado chini

Mteja akiniletea injini ya Toyota ya 3S-FE iliyotumika, aliyoinunua kwenye maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam, kwa ajili ya RAV4 yake ya zamani, swali lake la kwanza huwa ni moja: inapanda lini kwenye gari? Mimi nataka ikae chini kwanza. Imetoka Japani kwa meli, ikalala dukani miezi hakuna anayejua mingapi. Bloku ya chuma haina neno. Kinachozeeka ni mpira: joto la miaka limeukausha, na mdomo wa sili, ile pete inayozuia oili isivuje, uliokaa bila oili umekuwa mgumu kama plastiki. Injini ikishapata moto, oili inajitafutia njia.

Naanza na sili ya nyuma ya kranki, shafti kuu inayozungushwa na pistoni. Ni pete ya bei ndogo, lakini gari likishafungwa huifikii mpaka ushushe giaboksi. Kuna mteja aliniomba niiache ili apunguze gharama, nami nikakubali, nilikosea. Wiki ya tatu akarudi, oili inadondoka pale giaboksi inapokutana na injini. Tulirudia kazi ya siku mbili kwa kipande ambacho, injini ikiwa nje, ni cha nusu saa. Sasa sipandishi injini yenye sili ya nyuma kuukuu, mteja atake asitake.

Kabla ya kuweka mpya, pitisha ukucha kwenye kranki pale mdomo wa sili unapogusa. Ukinasa, chuma kimelika, na sili mpya ikikaa palepale itavuja vilevile. Mimi huizamisha milimita moja hivi zaidi ili ishike sehemu nzima. Mdomo naupaka oili (zile za tefloni hufungwa kavu, usizichanganye), kisha naigonga taratibu kwa kipande cha bomba chenye upana wake, pande zote sawasawa. Bisibisi isiguse kranki kabisa. Mkwaruzo mmoja unatosha kukuharibia kazi.

Mbele, mkanda wa taimingi wa 3S, unaoendesha kamshafti (shafti inayofungua vali) kutoka kwenye kranki, unazungusha pia wota pampu na pampu ya oili. Kwa hiyo nyuma yake zipo sili tatu, ya kamshafti, ya pampu ya oili na ya kranki, pamoja na wota pampu yenyewe na puli mbili. Navibadili vyote kwa mkupuo. Ni kweli mkanda wa injini hii ukikatika vali hazipindi, ila utakwama barabarani. Na sili ikivuja humo ndani, oili inaula mkanda mpya.

Kitu wengi wanachokisahau ni vali ya PCV, kale kavali kanakopumua hewa ya ndani ya injini. Ikiziba, hewa inajaa ndani ya injini na kusukuma oili kupita hata sili mpya, halafu lawama zinaenda kwa muuza spea. Itikise: isipogonga ndani, nunua nyingine.

Gasketi ya silinda hedi siigusi kama kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa, ya silinda zote nne inalingana. Kufungua kisichoumwa ni kutafuta ugonjwa.

Kwa gari la otomatiki, badili pia sili ya mbele ya giaboksi, kisha rudisha kwenye giaboksi toki konveta, kile kipande cha mviringo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, kwa mkono huku ukiizungusha. Inaingia kwa hatua. Ikiwa bado imechomoza, usiivute kwa bolti za giaboksi, utavunja pampu yake. Itoe, anza upya.