Kujitoa kwenye jumuiya: swali ambalo karatasi ya kura haikuuliza

Karatasi waliyopewa wapiga kura wa Uingereza tarehe 23 Juni 2016 ilikuwa na swali moja na visanduku viwili: nchi ibaki mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe. Zaidi ya watu milioni 33 walipiga kura. Kujitoa kulipata asilimia 51.9, kubaki asilimia 48.1.

Kila ninapofundisha mtangamano wa kikanda, wanafunzi huniuliza upande upi ulikuwa sahihi. Mimi huwarudisha kwenye ile karatasi. Kisanduku cha kubaki kilikuwa na maana moja inayojulikana, kwa kuwa nchi ilikuwa ndani tangu 1973. Kisanduku cha kujitoa kilikuwa na maana kadhaa, na hakuna hata moja iliyoandikwa.

Sisi wa Afrika Mashariki tunaweza kulielewa hili upesi, maana ngazi zenyewe tunazipanda. Jumuiya yetu ilianza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010, kisha ikasaini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013. Katika umoja wa forodha, bidhaa ya mwanachama haitozwi ushuru kwa mwenzake, na bidhaa ya nje hutozwa kiwango kilekile popote inapoingilia. Soko la pamoja huongeza uhuru wa watu, mitaji na huduma kuvuka mipaka. Ulaya nayo ina ngazi hizo, na nchi zisizo wanachama zimesimama juu yake kila moja mahali pake. Norway imo kwenye soko la pamoja lakini haimo kwenye umoja wa forodha. Uturuki imo kwenye umoja wa forodha, ila raia wake hawana uhuru wa kwenda kuishi na kufanya kazi humo. Uswisi ina mikataba yake chungu nzima, na Kanada ina mkataba wa biashara tu. Aliyetia alama kwenye kujitoa alikuwa anachagua kukaa wapi kati ya hapo?

Kampeni hazikumsaidia kujua. Kambi ya kujitoa ilizungusha basi jekundu lenye maandishi kwamba nchi inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho hakikuondoa punguzo la mchango ambalo Uingereza ilikuwa ikipewa tangu miaka ya 1980, wala fedha zilizorudi kwa wakulima na maeneo maskini. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema wazi kuwa inapotosha, na basi likaendelea na safari. Kwa upande wa kubaki, wizara ya fedha ilitangaza kuwa kila kaya itapungukiwa pauni 4,300 kwa mwaka ifikapo 2030. Hayo yalikuwa makadirio ya miaka mingi mbele, yenye dhana nyingi ndani yake, lakini mwananchi alipewa kana kwamba ni deni ambalo tayari lina risiti.

Ninasikitika zaidi kwa sababu kulikuwa na hoja nzito za kujadili. Anayesema sheria zinazomtawala zitungwe na watu anaoweza kuwaondoa kwa kura yake ana hoja ya msingi, na haijibiwi kwa kumtajia hasara ya fedha. Anayesema nchi moja haina sauti mbele ya mataifa makubwa kama ilivyo kwa nchi 28 pamoja naye ana hoja. Mambo hayo mawili ndiyo yaliyostahili jukwaa.

Tuangalie kilichotokea Ireland. Kisiwa kile kimegawanywa na mpaka wa takriban kilomita 500, kati ya Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na Ireland ya Kaskazini, ambayo ni ya Uingereza; zaidi ya barabara 200 zinauvuka. Maziwa mengi ya Ireland ya Kaskazini husindikwa viwandani upande wa Jamhuri. Dereva wa lori la maziwa hapiti geti, hashuki na makaratasi, wala hakutani na askari. Anajua ameingia nchi nyingine pale vibao vya mwendo kasi vinapobadilika kutoka maili kwenda kilomita. Barabara hizohizo zilikuwa na vizuizi vya jeshi kabla ya mkataba wa amani wa 1998, uliomaliza miaka mingi ya mapigano Ireland ya Kaskazini.

Sasa, nchi ikitoka kwenye umoja wa forodha na soko la pamoja, bidhaa lazima zikaguliwe mahali fulani. Ukiweka ukaguzi barabarani, unatikisa amani. Ukiuweka baharini, unaitenga Ireland ya Kaskazini na sehemu nyingine za nchi yake. John Major na Tony Blair, mawaziri wakuu wastaafu wa vyama pinzani, walikwenda pamoja Derry, mji wa Ireland ya Kaskazini, wiki mbili kabla ya kura kutoa tahadhari hiyo. Haikusikika sana. Miaka miwili na nusu baadaye, suala hilohilo lilichangia sana Bunge kuukataa mkataba wa kujitoa wa Theresa May, waziri mkuu wa wakati huo, kwa kura 432 dhidi ya 202. Mwishowe ukaguzi ulikwenda baharini.

Kishindo cha kujitoa huko kilifika hadi Naivasha, kwenye mashamba ya maua ya Kenya. Waridi hukatwa likiwa bado limefumba, huwekwa kwenye chumba cha baridi na kusafirishwa kwa ndege kutoka Nairobi. Liliingia Uingereza bila ushuru kupitia utaratibu wa Umoja wa Ulaya. Utaratibu huo ulipokaribia kukoma, Kenya ililazimika kusaini mkataba wake na London, tarehe 8 Desemba 2020. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa na nafuu ya ushuru kama nchi zenye maendeleo duni, hivyo hazikuwa na haraka hiyo. Nchi za umoja mmoja wa forodha zikajikuta kwenye njia tofauti kwa sababu ya kura ambayo hazikuipiga.

Kwetu, mjadala wa aina hii hufufuka kila mahindi yanapozuiwa mpakani au nchi moja inapochelewesha michango yake, na si vibaya kuujadili. Wazee waliofanya kazi katika jumuiya ya awali ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, walidai mafao yao kwa miongo kadhaa, na mgawanyo wa mali haukusainiwa hadi 1984. Mkataba wa jumuiya ya sasa unaruhusu kujitoa, katika Ibara ya 145: azimio la Bunge la taifa kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha taarifa ya maandishi kwa Katibu Mkuu ya miezi 12, ambayo nchi inaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Uingereza ilitoa taarifa yake tarehe 29 Machi 2017. Mkataba wa biashara na Ulaya ulisainiwa tarehe 30 Desemba 2020, siku moja kabla ya kwisha kwa kipindi cha mpito, ambacho sheria za Ulaya zilikuwa bado zikitumika Uingereza.