Kupunga upepo: jioni moja kutoka Shangani hadi Forodhani

Kila mgeni ninayemtembeza Mji Mkongwe wa Zanzibar huniuliza, mapema au baadaye, maisha ya usiku ya mji huu yako wapi. Nimefanya kazi ya kuhifadhi majengo ya kale hapa kwa miaka mingi, na jibu langu limekuwa lile lile: yako nje, kwa sababu ndani kuna joto. Wengine hudhani ninatania, kumbe ndivyo ninavyoamini.

Kuta za nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake aghalabu hufika nusu mita au zaidi. Mchana kutwa kuta hizo hunywa jua polepole, hata ukiingia ndani saa saba unaona ubaridi. Lakini jua likianza kuinama, zinalirudisha joto lile vyumbani, na huendelea kulirudisha hadi usiku mwingi. Vyumba vyenyewe ni vyembamba na virefu, kwa kuwa dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti nzuri haizidi sana mita tatu. Mtu aliyeketi katika chumba cha namna hiyo baada ya alasiri hana budi kutoka. Atapanda juu ya paa, au atakaa barazani, au atateremka pwani, na kitendo hicho kina jina lake la zamani: kupunga upepo. Muziki, vyakula, hoteli na matamasha vyote vimekuja kukaa juu ya desturi hiyo, na asiyeijua ataona vitu vingi bila kuelewa kwa nini viko pale vilipo.

Jioni ninayoieleza ilikuwa ya mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, siku mbili baada ya mwezi mpevu. Nataja mwezi kwa makusudi, kwani siku za bamvua, yaani zile zinazofuata mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji ya Unguja hujaa alasiri na kupwa usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne. Nilipofika Shangani na mgeni wangu saa kumi na moja, bahari ilikuwa imeumeza ufuko wote. Vijana ambao siku nyingine hucheza mpira juu ya mchanga ule walikuwa wamekaa ukutani, mpira umewekwa miguuni, wakiyasubiri maji yarudi. Ngalawa zilizofungwa nanga zilikuwa zikiyumba karibu kabisa na madirisha ya hoteli.

Shangani ni mahali pa kuanzia kwa sababu ndiyo rasi ya mji, na jua huzama mbele yako bila kuzuiwa na kitu. Waingereza wa zama za ukoloni walilijua hilo vizuri. Klabu yao, ambayo baadaye ikawa hoteli ya Africa House, ina baraza la juu linaloelekea magharibi, na hadi leo wageni hujaa pale kutazama machweo. Ninapapita bila kukawia. Machweo yale yale yanaonekana bure ukutani, ukiwa umekaa na watu wa mji, na huko ndiko ninakompeleka mgeni.

Kutoka hapo hadi Forodhani ni mwendo wa dakika kumi ukifuata ukingo wa bahari. Jina la Forodhani linatokana na forodha iliyokuwa mahali hapo kabla shughuli za bandari hazijahamia Malindi, mtaa wa mji huu huu. Bustani yenyewe ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikachakaa baadaye, kisha ikakarabatiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Watu wa rika langu tunaikumbuka ile ya kabla ya ukarabati, wachuuzi wakiwasha karabai na moshi wa majiko ukitanda hadi barabarani. Sasa kuna taa za umeme na njia zilizotandikwa mawe, na kwa maoni yangu kazi ile ilifanywa kwa heshima, maana ukuta wa bahari uliachwa wazi. Kama ungezibwa kwa maduka, bustani ingekufa.

Ukuta huo ndio uwanja wa makachu. Vijana hukimbia kutoka ndani ya bustani, huruka ukutani, wakajikunja angani kila mmoja kwa mtindo wake, kisha wakatumbukia baharini huku waliobaki wakipiga makofi. Haya hayafanyiki ovyo. Maji yakipwa, chini ya ukuta huwa hakuna kina cha kutosha, kwa hiyo mrukaji mzuri ni mtu anayezijua siku za bamvua kama mvuvi. Jioni ile maji yalikuwa yameshaanza kurudi, na nilimsikia kijana mmoja akimkataza mdogo wake: «Basi, ya mwisho hiyo, maji yanatoka.» Mdogo alitii mara moja.

Jua lilizama karibu saa kumi na mbili na dakika arobaini, adhana ya magharibi ikasikika kutoka misikiti kadhaa kwa pamoja. Wachuuzi wengi walikwenda kuswali, na biashara ikaanza kwa kweli waliporudi. Usiku wa mji huu hupimwa kwa vipindi vya sala: kabla ya magharibi ni wakati wa bahari, baina ya magharibi na isha ni wakati wa chakula, na baada ya isha ndipo muziki na matembezi ya familia huanza. Mwezi wa Ramadhani mpangilio huo husogea mbele, bustani ikalala mchana kutwa na kujaa baada ya tarawehe hadi karibu na daku.

Kuhusu chakula nina maoni yangu. Meza ndefu za pweza, ngisi, kamba na mishkaki ya samaki hupendeza kwa macho, lakini samaki aliyepangwa mapema huwa ameshapikwa na hupashwa moto tu unapomchagua. Mimi hula urojo. Huo ni mchuzi mzito wa unga uliotiwa manjano, embe mbichi na ndimu, ambao ndani yake huwekwa viazi, bajia, kachori na vipande vya nyama, juu yake ikanyunyizwa chatini ya nazi, pilipili na chipsi za muhogo. Bakuli moja lina India, lina Bara, lina shamba la Unguja, na halijaribu kuficha chochote katika hivyo. Ile inayoitwa pizza ya Zanzibar, yaani donge la unga linalotandazwa hadi kuwa jembamba kama kitambaa, likajazwa nyama ya kusaga, kitunguu na yai, kisha likakunjwa na kukaangwa, wageni huiona kuwa kitu cha ajabu kilichobuniwa kwa ajili yao. Mombasa chakula cha ukoo huo huo huitwa mkate wa mayai, na ng'ambo ya bahari, Yemen na Saudia, huitwa mutabbaq. Jina ndilo lililogeuka. Juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi inatosha kuteremshia yote.

Ukiinua macho kutoka kwenye meza hizo, mbele yako unaliona jengo la Beit el Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, na lilikuwa jengo la kwanza hapa kuwa na umeme. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakafariki. Nimeshapanda ngazi zile mara nyingi, nimepima nyufa zake, na bado sijazoea kulitazama usiku. Nyumba ya chokaa hailindwi kwa kupakwa rangi mara moja katika miaka kumi. Maji yakishapenya juu ya paa, hula chokaa ndani kwa ndani mahali ambapo jicho halifiki, na siku ukuta unapotoa dalili, muda wa kuziba umeshapita. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Kila baraza linalokaliwa jioni linategemea paa lililotazamwa mchana, na ninalisema hili kwa kila anayenisikiliza.

Tuliacha bahari tukaingia vichochoroni kwa upande wa Ngome Kongwe, ngome iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya kumwondoa Mreno mwaka 1698. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi ambapo hufanyika tamasha la muziki la Sauti za Busara mwezi wa Februari, lililoanza mwaka 2004. Jioni ile mafundi walikuwa wakijaribu vipaza sauti, tukapita.

Soko Muhogo kuna njia panda inayojulikana kwa jina la Jaws Corner, kwa ajili ya filamu ya papa ya mwaka 1975. Mabaraza yamezunguka pande zote, kuna televisheni, kuna meza za dhumna, na katikati hukaa muuza kahawa na dele lake juu ya mkaa. Baraza la mawe lililounganishwa na ukuta wa nyumba ni jambo la ujenzi kabla ya kuwa jambo la starehe: huupa ukuta nguvu chini, na mvua za masika zikifurika kichochoroni huwa njia ya juu ya wapita kwa miguu. Pia ni mahali ambapo mwenye nyumba huweza kumpokea mwanamume asiye wa ukoo bila kumwingiza ndani kwa wanawake. Nilimsalimu muuza kahawa.

«Masalkheri, mzee wangu.»

«Akheri, mwanangu. Mkaribishe mgeni wako akae, upepo wa leo si wa kukosa.»

Kahawa ni chungu, huja katika kikombe kisicho na mkono, na hunywewa kwa kashata. Mgeni atakayekaa, akasalimia na kunyamaza kidogo, atapata mengi kuliko anayefika na kamera mbele. Na afike amevaa nguo za kusitiri mwili, kwani kutoka pwani na nguo za kuogelea na kupita mbele ya wazee waliotoka msikitini ni kuwavunjia heshima. Papasi, yaani vijana wanaowaandama watalii, watamfuata njiani wakimwahidi usiku wa kweli mahali pengine. Awajibu kwa upole, aendelee kukaa.

Baada ya isha tulisikiliza mazoezi ya taarabu. Kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na kabla yake Sultani Barghash alikuwa amemtuma Mohammed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ndiye aliyeutoa muziki huu kwenye majumba ya wakubwa na kuuweka katika Kiswahili cha mtaani. Katika mazoezi hakuna jukwaa. Fidla nne, kanuni, akodioni na dumbaki hukaa pamoja katika chumba kimoja, na madirisha huachwa wazi kwa sababu ile ile ya joto, hivyo mtaa mzima husikia bure. Palipokuja beti tamu, mama mmoja aliyekuwa mlangoni aliingia taratibu akamtunza mwimbaji noti moja, akarudi alipokuwa.

Binti Salme, mtoto wa Sultani Said aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika jinsi wanawake wa hadhi walivyotembeleana usiku, wakitanguliwa na watumwa waliobeba taa kubwa. Taa zile zilibebwa na watu wasio huru, na hilo lisifichwe. Lakini usiku tangu hapo ulikuwa wakati wa wanawake kutoka, na ndivyo ulivyo bado. Tuliporudi Forodhani saa nne na nusu, wachuuzi walikuwa wakizima mkaa na ukuta umejaa akina mama wa buibui, watoto wao wakikimbizana nyuma. Mwezi ulikuwa juu ya mapaa, na maji yalikuwa yamekupwa hadi mbali. Mgeni wangu aliuliza sasa tunakwenda wapi. Nilimwonyesha nafasi ukutani, baina ya bibi mmoja na wajukuu wake, tukakaa.