Kumlea kijana asiye wako: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ukisema kila Jumamosi unakaa na kijana wa watu, unamsikiliza na kumwelekeza katika masomo na maisha, swali la kwanza mtaani ni moja: "Wanakulipa shilingi ngapi?" Ukijibu hulipwi, unaonekana huna kazi ya kufanya. Wengi wanaamini anayefaidika ni kijana tu, na mnasihi, yaani huyo anayemwongoza, ni wa kutoa.

Sivyo, na ushahidi mmoja umepatikana ndani ya damu. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la JAMA Pediatrics lilichapisha utafiti uliofanyika magharibi mwa Kanada. Wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilijitolea kusaidia watoto wa shule za msingi mara moja kwa wiki, kwa miezi miwili. Jingine likawekwa kusubiri zamu. Vipimo vilipochukuliwa, waliojitolea walikuwa na kolesteroli (mafuta ya kwenye damu) ya chini zaidi na dalili chache za uvimbe wa ndani ya mwili. Walionufaika kupita wenzao ni wale ambao huruma yao kwa watu iliongezeka zaidi. Utafiti ulikuwa mdogo, kwa hiyo mwenye presha asitupe dawa zake akakimbilia kutafuta watoto wa kulea. Lakini ile hoja kwamba mnasihi anaambulia uchovu tu imepata jibu.

Wengine husema hii ni kazi ya watu wazima waliofanikiwa, wenye gari na kadi za ofisini. Wale wa Kanada walikuwa wanafunzi! Na hapa Tanzania shirika la CAMFED, linalosaidia elimu ya wasichana, huwatumia wasichana waliomaliza sekondari, wakarudi kujitolea katika shule za maeneo ya kwao. Binti aliyewahi kukosa sare au nauli hahitaji kuelezwa kwa nini mwanafunzi ameanza utoro. Wanasihi hao hupata mafunzo na nafasi ya kukopa mtaji bila riba, kwa kuwa muda wanaojitolea unahesabiwa badala ya riba.

Hapo ndipo manung'uniko huanza: anayepata kitu hajajitolea kweli. Dhana hii naiona mbaya kuliko zote. Tukiifuata, kujitolea kutabaki kwa walioshiba, na binti wa kijijini mwenye duka dogo atakaa nyumbani. Tena hata bila mkopo, mtu anayezoea kusimama mbele ya darasa, kuongea na mwalimu mkuu na kumtuliza mzazi aliyekasirika anajijengea ujuzi ambao waajiri wanautafuta.

Usitegemee shukrani, lakini. Kijana wa miaka 15 anaweza asiseme asante hata siku moja.

La mwisho ni hili la "nikichoka nitaacha, si nimejitolea?" Mwaka 2002 watafiti Jean Grossman na Jean Rhodes walichapisha utafiti kuhusu vijana wa Big Brothers Big Sisters, mpango wa Marekani unaowaunganisha vijana na watu wazima wa kuwaongoza. Walioongozwa kwa mwaka mmoja au zaidi ndio waliopata manufaa mengi kuliko wote. Walioachwa kabla ya miezi mitatu walishuka hata katika kujithamini. Kwa hiyo kama unajua utahamia mkoa mwingine baada ya miezi miwili, mwaka huu usichukue kijana. Saidia kusahihisha majaribio, au kuchangia madaftari.