Hatimiliki ya kimila ya pamoja: maana yake kwa wafugaji na wanyamapori

Hatimiliki ya kimila ya pamoja ni cheti kinachotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya mwaka 1999, kuthibitisha kwamba haki ya kumiliki na kutumia eneo fulani la kijiji ni ya kundi zima la watu. Wengi wetu tunaijua ile ya mtu mmoja mmoja, ya shamba au kiwanja. Hii ya pamoja haisikiki sana, lakini kwa jamii za wafugaji wanaohamahama ndiyo yenye uzito.

Tuitazame Simanjiro, mkoani Manyara. Mfugaji wa huko haachi ng'ombe wale sehemu moja mwaka mzima. Kuna nyanda za masika, na kuna malisho ya akiba ambayo Wamaasai huyaita alalili, yanayofungwa wakati wa mvua ili nyasi zikue, kisha yanafunguliwa kiangazi kikikaza. Wazee hukubaliana siku ya kufungua, na anayeingiza mifugo kabla ya siku hiyo hutozwa faini. Sasa mgeni apite hapo mwezi wa Aprili, aone nyasi zimemfika magotini na hakuna ng'ombe hata mmoja. Atasema ardhi hii haina mwenyewe. Na sheria yenyewe inampa mwanya, kwa sababu Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya mwaka huohuo wa 1999, inaingiza kwenye ardhi ya jumla, ile inayosimamiwa na serikali kuu na si kijiji, hata ardhi ya kijiji "isiyokaliwa au isiyotumika". Yaani malisho yanayopumzishwa kwa makusudi yanaweza kuhesabiwa kuwa ardhi iliyotelekezwa. Hatimiliki ya pamoja inaziba mwanya huo: eneo linapimwa, mipaka inaandikwa, matumizi yake yanatajwa kuwa malisho, na wenyewe wanajulikana.

Wanyamapori wanaingiaje hapa? Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ina ukubwa wa kilomita za mraba 2,850 hivi, na kiangazi imejaa nyumbu na pundamilia wanaofuata maji ya mto. Mvua zikianza wanatoka. Wengi huelekea mashariki, kwenye nyanda za Simanjiro, kwa kuwa nyasi za huko zina madini mengi zaidi, hasa fosforasi, ambayo mnyama jike anayenyonyesha anaihitaji sana. Huko ndiko nyumbu huzalia. Nje ya hifadhi, kwenye ardhi ya vijiji kama Terrat, Sukuro na Emboreet. Ukizilima nyanda hizo, hifadhi itabaki na mto wake na mageti yake, lakini nyumbu hawatakuwa na pa kuzalia.

Wafugaji na nyumbu wamejifunza kupishana. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo yeye mwenyewe havimdhuru, ila ng'ombe akivipata hufa. Kwa hiyo msimu wa nyumbu kuzaa, wafugaji huwahamisha ng'ombe, hata kama wanakoelekea nyasi ni hafifu. Ni gharama kubwa, na wanaibeba bila kulipwa na mtu. Mimi naona mchango huu hautajwi inavyostahili tunapozungumzia uhifadhi. Uwezo wa kupishana unahitaji nafasi, na nafasi ndiyo jembe la trekta linayoimaliza.

Wahadzabe wa Yaeda Chini, ambao ni wawindaji na wakusanyaji matunda na asali, walipata hati ya namna hii mwaka 2011 kwa zaidi ya hekta 20,000. Wafugaji wa kaskazini nao wakafuata. Mmoja wa waliosukuma kazi hiyo ni Edward Loure wa shirika la Ujamaa Community Resource Team, Mmaasai wa Simanjiro ambaye familia yake ilikuwa kati ya zilizoondolewa Tarangire ilipofanywa hifadhi mwaka 1970. Mwaka 2016 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kabla ya hapo, Terrat walikuwa wameshajaribu njia nyingine: kampuni za utalii ziliingia mkataba wa kukilipa kijiji kila mwaka ili uwanda wao usilimwe wala kujengwa makazi ya kudumu, huku ng'ombe wakiendelea kulisha humo kama kawaida.

Huko Kenya, ranchi za vikundi zilizoanzishwa kwa sheria ya 1968 zilikuwa na nia inayofanana, lakini nyingi za Kajiado ziligawanywa vipandevipande, kila mtu na hati yake. Pale Kitengela, kusini mwa Nairobi, viwanja vikauzwa, nyaya za uzio zikavutwa, na njia ya nyumbu kwenda uwanda wa Athi-Kapiti ikasongwa.

Hati hii ina mipaka yake. Rais bado ana mamlaka ya kuhamisha ardhi ya kijiji kwa manufaa ya umma. Tena hati ya kijiji kimoja haitoshi pale ng'ombe wanapovuka vijiji vitatu kutafuta maji. Ndiyo maana Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliweka mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi na kuyaita malisho yao OLENGAPA.

Kijiji kinachotaka hati hii kianzie kwa mtendaji, kiulize kama Cheti cha Ardhi ya Kijiji kipo. Kisipokuwepo, hakuna hati nyingine inayoweza kutoka. Kikiwepo, unafuata mpango wa matumizi ya ardhi, ambao lazima upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji, halafu masijala ya ardhi ya kutunzia nyaraka. Mkutano huo uitishwe wakati wafugaji wako nyumbani. Ukiitishwa kiangazi, wakati vijana na mifugo wako mbali, mipaka ya malisho itachorwa na watu wasioyatumia.