Facebook haikuwa ya kwanza: dhana potofu kuhusu tovuti zinazoandikwa na watu

Kwenye vijiwe vya Mwanjelwa, Mbeya, utasikia ikisimuliwa hivi: zamani wataalamu waliandika, sisi tukasoma, kisha ikaja Facebook, nasi tukaanza kuposti. Masimulizi hayo yamepinda tangu mwanzo wake.

Kuandika kulikuwamo kwenye wavuti toka siku ya kwanza. Kivinjari (programu ya kufungulia tovuti) alichotengeneza Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, pale CERN, maabara ya fizikia iliyoko Uswisi, mwaka 1990, kilisoma na kuhariri pia. Shida ni kwamba kilitumika kwenye kompyuta za NeXT, na waliokuwa nazo ni wachache. Kivinjari cha Mosaic cha mwaka 1993, kilichoenea kwenye kompyuta za kawaida, kilikuwa cha kutazamia tu. Hapo msomaji akaachwa nje: aliyetaka kuchapisha ilibidi ajue HTML (lugha ya kuandikia kurasa za tovuti), atafute seva (kompyuta inayohifadhi tovuti), apakie mafaili mwenyewe.

Wengine hudhani Web 2.0 ni toleo jipya la intaneti, kama programu ya simu inavyosasishwa. Ni jina tu la tovuti ambazo wasomaji nao huandika. Darcy DiNucci alilitumia mwaka 1999, na mkutano wa kampuni ya Tim O'Reilly ukalieneza mwaka 2004. Kilichobadilika hasa ni kazi inayofanyika nyuma ya ukurasa. Seva hupokea maneno uliyoandika kwenye kisanduku, huyatunza kwenye hifadhidata, kisha huyapanga kuwa ukurasa mtu anapoufungua. Ndiyo maana mama anayeuza viazi vya Uporoto anapiga picha magunia, anaandika bei, anaposti, na mteja wa Dar es Salaam anaona kabla lori halijafika Makambako. HTML haimhusu.

Facebook ilianza 2004. Wiki ya kwanza, yaani tovuti ambayo wasomaji wanaweza kuihariri, ya Ward Cunningham, ilikuwa mtandaoni tangu 1995, na Blogger, ya kuandikia blogu, tangu 1999.

Dhana inayoniuma zaidi ni kwamba Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, huandikwa na waajiriwa wa Marekani. Makala zake huandikwa na watu wanaojitolea, na ya Kiswahili ipo tangu 2003. Ukikuta makala ya Kalenga au Tukuyu ni fupi, ujue hajatokea wa kuijaza. Bonyeza "hariri", ongeza sentensi yako, taja kitabu au gazeti ulikoitoa. Simulizi za bibi peke yake hazikubaliki pale, hata zikiwa za kweli, na hilo linatuumiza sisi ambao mengi yetu hayajaandikwa. Kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, kwa hiyo aliyeharibu, kazi yake hutenguliwa na msomaji yeyote aliyeiona.