Bastola ya Namba Ngapi? Yanayosemwa Kaunta na Yaliyo Kweli

Shemeji yangu alikuwa akifunga duka la kituo cha mafuta saa saba usiku, nje kidogo ya Houston. Alipoamua kununua bastola alinipigia simu. Hakuuliza sheria inasemaje, wala atajifunzia wapi. Aliuliza: "Shem, nichukue namba ngapi?" Muuza silaha alikuwa ameshamwambia kwamba chini ya .45 ni kuchezea maisha. Jamaa wa kazini naye akamwambia 9mm ni ya kutishia paka.

"Namba" anayoisema ndiyo kaliba, yaani unene wa kichwa cha risasi, unaopimwa kwa milimita au kwa sehemu za inchi. Neno lenyewe limezunguka dunia. Wazungu walilichukua kwa Waarabu, qalib, chombo cha kusubia, kwa hiyo ni ndugu wa damu wa kalibu yetu ya mfua chuma. Na uvumi unaoizunguka umezunguka karibu mara nyingi vilevile.

"Ukimpiga mtu na .45 anarushwa nyuma"

Huu ndio mama wa uvumi wote, na una historia. Kuanzia 1899 Wamarekani walipigana Ufilipino, na kule kusini walikutana na Wamoro, Waislamu wa huko, waliokuwa wakiwajia na mapanga. Askari walilalamika kwamba rivolva zao za .38, bastola za silinda inayozunguka, hazimsimamishi mtu. Mwaka 1904 jeshi likawatuma maofisa wawili, Thompson na LaGarde, mpaka machinjio ya Chicago, wakafyatulia risasi ng'ombe hai na maiti za watu. Ripoti yao ikasema bastola ya askari isiwe chini ya .45. Mwaka 1911 ikaja Colt M1911 iliyobuniwa na John Browning, ikakaa kiunoni mwa askari wa Marekani hadi 1985, ilipochaguliwa Beretta ya 9mm. Miaka zaidi ya sabini, vita viwili vya dunia: ukikulia katika nyumba ambayo babu alikuwa na silaha hiyo, utaiamini kama dini.

Ila hesabu haina babu. Kichwa cha .45 kina uzito wa gramu 15 hivi na hutoka kwa mwendo wa kama mita 255 kwa sekunde. Ukikipiga kwa mtu wa kilo 80 kikabaki mwilini, msukumo wote anaoupata ni wa kama sentimita 5 kwa sekunde. Kobe anamshinda. Na msukumo huohuo, pamoja na wa gesi ya baruti juu yake, unaurudia mkono wa aliyefyatua. Kama risasi ingeweza kumrusha mtu ukutani, mpigaji angerushwa ukuta wa pili. Yule anayepaa kwenye sinema amevutwa na kamba.

Linganisha sasa na 9mm ya kawaida: gramu 8, mita 350 kwa sekunde. Nishati yake ni joule 490 hivi. Ile .45 niliyoitaja, 485. Nilipomsomea shemeji hizo namba alinyamaza, kisha akasema nimekosea kikokotoo.

Mtu aliyepigwa risasi hukoma kushambulia kwa sababu tatu tu. Ubongo au uti wa mgongo wa juu umeguswa. Au damu imepotea hadi mwili ukaishiwa. Au ameamua mwenyewe kuacha, kwa maumivu au kwa hofu. Hiyo ya tatu hutokea mara nyingi, wakati mwingine kabla hata risasi haijatoka. Ya pili huchukua muda kuliko watu wanavyodhani: hata moyo ukiharibika kabisa, ubongo una oksijeni ya kumwezesha mtu kutenda kwa sekunde 10 hadi 15. Hakuna hata moja kati ya hizo inayouliza namba iliyochorwa kwenye kitako cha ganda, kile kikopo cha risasi kinachobeba baruti.

"9mm ni dhaifu, FBI wenyewe waliikimbia"

Waliikimbia kweli. Kisha wakairudia, na hiyo sehemu ya pili haisimuliwi kaunta.

Tarehe 11 Aprili 1986, mjini Miami, maofisa wanane wa FBI walilizuia gari la majambazi wawili wa benki, Michael Platt na William Matix. Mapema katika mapambano hayo risasi moja ya 9mm ilipita mkono wa kulia wa Platt, ikaingia kifuani, ikaharibu pafu, na ikaishia kama inchi moja kabla ya moyo. Jeraha hilo lingemuua. Ila halikumuua papo hapo, naye alikuwa na bunduki ndefu. Aliendelea kupigana, na siku ile maofisa wawili, Jerry Dove na Benjamin Grogan, walikufa, na wenzao watano wakajeruhiwa. Majambazi wote wawili nao waliuawa.

FBI waliinyooshea kidole risasi. Ripoti yao ya 1989 ikaweka kipimo ambacho hadi leo ndicho kinachofuatwa: risasi ipigwe kwenye jelatini iliyotengenezwa ifanane na nyama, nayo izame si chini ya inchi 12 wala zaidi ya 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Hilo lilikuwa jambo la maana. Kosa lilikuwa kufikiri dawa yake ni unene. Wakachukua 10mm, ikawa nzito mkononi, ikapunguzwa nguvu. Basi kampuni ya Smith & Wesson pamoja na Winchester wakasema, kama nguvu imepunguzwa, ganda refu la nini? Wakalifupisha, na Januari 1990 ikazaliwa .40 S&W. Polisi wa Marekani wakaifuata kama siafu.

Tatizo la .40 utaliona ukiishika. Imewekwa kwenye fremu ya ukubwa wa 9mm, nayo inarusha mkono kwa ghafla, si kwa kusukuma taratibu kama .45. Bastola zilichakaa upesi, na waliokuwa wakilenga vizuri wakaanza kukosa. Mwaka 2014 idara ya mafunzo ya FBI ikaandika waraka wa kueleza kwa nini warudi 9mm. Sababu hazikuwa za kishujaa: vichwa vya risasi vya kisasa vya 9mm vinazama na kuchanua kama vya .40 na .45, magazini inabeba nyingi zaidi, na maofisa wengi hupiga haraka na kwa usahihi zaidi wakiwa nayo. Waraka huo ulisema jambo moja ambalo ningelibandika kwenye kila kaunta: polisi wakiwa kwenye mapambano ya kweli, kwa wastani hulenga sawa asilimia 20 hadi 30 tu ya risasi wanazofyatua. Watu waliofundishwa, wanaolipwa kwa kazi hiyo. Wewe unabishania milimita mbili na nusu za unene wakati risasi saba katika kumi zinakwenda kwingine!

"Namba ikiwa kubwa, risasi ni kubwa"

Si lazima. Kichwa cha .38 Special na cha .357 Magnum vina unene uleule, .357 ya inchi. Jina la .38 limebaki kutoka enzi ambazo kichwa kilikuwa kinene sawa na ganda. Kinachotofautiana ni urefu wa ganda na presha ya baruti, ndiyo maana rivolva ya .357 inameza .38 lakini rivolva ya .38 haiwezi kupokea .357, ambayo ganda lake limezidi kwa milimita 3 hivi. Vivyo hivyo .380 na 9mm: unene mmoja, ganda moja la milimita 17, jingine 19. Soma kilichoandikwa kwenye mtutu, kisha usome sanduku. Kuna watu wamepasua bastola kwa kusoma nusu ya jina.

"Mwanamke mpe ndogo"

Dada yangu, mke wa huyo shemeji, alikwenda naye uwanja wa shabaha. Mhudumu hakumuuliza chochote. Alimtazama mikono, akamletea rivolva nyepesi ya mtutu mfupi,.38, ya kutosha kwenye mkoba. Dada alifyatua tano, akaiweka mezani, akashika kidole gumba kwa mkono wa pili. Risasi moja tu ilikuwa imegusa karatasi.

Sababu ni ileile ya hesabu ya juu. Risasi ikiwa ya aina moja, bastola iliyo nyepesi ndiyo inayoruka zaidi mkononi, na mtutu mfupi unaleta macho ya kulengea karibu karibu mno, kosa dogo la mkono linakuwa kubwa kwenye shabaha. Hata .380 ndogo za mfukoni, ambazo watu huziita laini, nyingi zina springi ngumu ya kuvuta na zinauma kiganja kuliko 9mm kubwa. Bastola ndogo ni silaha ya mtu aliyezoea, ambaye amekubali ugumu wake ili aifiche. Tumekuwa tukiwapa wanaoanza.

Alipopewa 9mm ya ukubwa kamili, ya uzito wake, alitoboa karatasi mara nane katika kumi, na shemeji akaanza kusema taa za pale ni hafifu.

Kwa mzee mwenye ugonjwa wa viungo mambo ni mengine, na hapo .22 haistahili kuchekwa. Udhaifu wake hauko kwenye ukubwa tu. Kiwasho chake kimepakwa kwenye ukingo wa ganda, nacho hukataa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko kiwasho cha katikati. Ila mtu asiyeweza kuvuta springi ya 9mm hana 9mm, hata kama ameilipia.

Na Magnum? Tangu 1935 .357 ina sifa zake, na sifa ni za kweli. Ifyatue chumbani usiku, bila vizibo vya masikio. Bastola karibu yoyote hupita desibeli 150, na masikio huanza kuharibika kwa mshindo wa 140. Hii inaongeza na mwali wa moto unaokuacha huoni mlango.

"Risasi ya tundu ni ya watu katili"

Ndiyo ile yenye tundu kichwani, inayochanua ikiingia mwilini, na hapa kuna punje ya ukweli. Azimio la Hague la 1899 lilikataza vitani risasi zinazochanua mwilini, zile zilizopata jina kutoka kiwanda cha Dum Dum, karibu na Calcutta. Kwa hiyo mtu akisikia polisi wanazitumia, hushtuka. Lakini azimio lile ni la majeshi. Polisi mjini wanazitaka kwa sababu risasi yenye tundu kichwani ikichanua hupungua mwendo na kwa kawaida hubaki ndani ya mtu aliyekusudiwa. Ile ya kichwa kizima hupita na kumkuta aliye nyuma yake kwenye foleni. Sheria za majimbo hazifanani: New Jersey, kwa mfano, ina masharti yake juu ya kutembea nazo.

Usidanganyike pia kwamba kuna kaliba ya "kukaa ndani ya nyumba", yaani isiyopenya ukuta. Nyumba nyingi za Marekani zimegawanywa vyumba kwa mbao za jipsamu. Risasi yoyote ya bastola inayofikia kile kipimo cha sentimita 30 za jelatini itapita mbao hizo, na za chumba cha pili. Mtoto analala upande gani ni swali la kwanza, na halijibiwi kwa kubadilisha namba.

Kwetu nyumbani ubishi huu haukomai. Tanzania mtu huanza na leseni, chini ya sheria ya silaha na risasi ya 2015, na Kenya huanza na bodi ya leseni za silaha. Kaliba inakuja mwisho kabisa, kama inakuja. Nairobi watu hata namba hawaitaji, husema tu Ceska, jina la kiwanda cha Ucheki. Marekani duka liko karibu na duka la viatu, ndiyo maana mwenzetu aliyefika juzi anaanza na kaunta. Na hapo pana shimo ambalo hakuna muuzaji atakayelitaja kwa hiari: sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mtu aliyeko nchini kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kumiliki silaha au hata risasi, isipokuwa kwa misamaha michache iliyoorodheshwa. Mwenye ukaazi wa kudumu yuko nje ya katazo hilo. Kushika risasi moja ya mwenzako mfukoni kunaweza kukupandisha ndege ya kurudi.

Shemeji karatasi zake ziko sawa. Tulirudi uwanjani mara nne, akakodi .45, .40 na 9mm, na kila jioni nikamhesabia matundu bila kumwambia ni ya ipi. 9mm ilishinda mara zote nne, na sanduku la risasi zake ndilo lililokuwa rahisi kuliko yote. Dada ndiye aliyenunua, ya ukubwa kamili, pamoja na kisanduku cha chuma cha kufungulia kwa namba. Yeye shemeji, baada ya kusikia ile habari ya asilimia 20 hadi 30, alikwenda kwa bosi akaomba zamu ya mchana.